Laptopu imekufa? Usiitupe, hadidiski yake bado inaweza kukufaa

Kwenye steshenari na meza za mafundi Bariadi mjini, Maswa, hata Mwanhuzi kule Meatu, hukosi kuona laptopu mbovu zimerundikana kwenye kona. Kioo kimepasuka, chaji haiingii, au imemwagikiwa chai. Lakini hadidiski iliyomo ndani mara nyingi ni nzima, na mafaili yote bado yapo.

Habari njema ni kwamba diski hiyo unaweza kuigeuza eksteno, ukaitumia kama flashi kubwa. Na kwa jinsi bando zinavyokwisha, kuhifadhi GB 500 kwenye intaneti si jambo la kila mtu.

Jua kwanza una diski gani

Diski ya laptopu ni ndogo, huitwa ya inchi 2.5. Ya kompyuta ya mezani ni inchi 3.5, na ni nzito zaidi. Tofauti hii ni muhimu:

- Ya inchi 2.5 inatumia umeme wa volti 5 tu, hivyo waya wa USB unaitosha.
- Ya inchi 3.5 inahitaji pia volti 12, ambazo USB ya kawaida haitoi. Lazima upate kava au waya wenye adapta yake ya umeme.

Angalia na mdomo wa diski. Nyingi za miaka ya karibuni ni SATA, zina vipande viwili bapa vya kuchomekea. Za zamani zenye safu ya pini nyingi ni IDE, na kava la SATA haliziingii. Ukienda dukani, beba diski yako mkononi ili usiuziwe kisichofaa.

Kuunganisha

Zima laptopu, chomoa chaji na betri, fungua skrubu, toa diski taratibu. Iingize kwenye kava, chomeka USB kwenye kompyuta nyingine. Basi.

Kompyuta ikikuuliza kama ufomati diski, usikubali haraka! Ukifomati, mafaili unayoyatafuta yatapotea. Na kama laptopu ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, utahitaji ufunguo wake wa tarakimu 48 ndipo diski ifunguke.

Ukishahamisha kila kitu, ndipo ufomati. Kwa kompyuta nyingi exFAT inafaa. FAT32 inasomwa na runinga nyingi, ila haipokei faili moja linalofika GB 4, kwa hiyo muvi ndefu yenye picha safi inaweza kugoma. Na usishtuke diski ya GB 500 ikisoma kama 465, hujaibiwa. Kiwanda na kompyuta vinahesabu tofauti.

Isikilize

Diski ikitoa mlio wa "tak, tak, tak", au ikijitoa yenyewe kila mara, inaelekea kufa. Kopi vitu muhimu kwanza, halafu iache. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo itakuonyesha hali yake kiafya. Diski za aina hii zina sahani inayozunguka ndani, hivyo usiitikise wala kuisogeza ikiwa inafanya kazi, na usichomoe waya kabla hujaiondoa salama.

Hata ikiwa nzima, hiyo ni diski ya zamani. Picha za harusi au ripoti ya chuo visikae humo peke yake. Weka nakala sehemu nyingine pia.

Ya mtu mwingine je?

Hapa ndipo wengi wanajisahau. Diski iliyotoka steshenari inaweza kuwa na vyeti, CV na namba za NIDA za wateja. Kufuta kawaida, au kufomati kwa haraka, hakuondoi mafaili hayo. Yanaweza kurudishwa kwa programu tu. Kabla ya kuuza au kugawa, toa tiki kwenye "Quick Format" ili kompyuta ifomati diski nzima. Itachukua saa kadhaa, lakini vumilia.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Mwenye duko anayekusanya taarifa za wateja ana wajibu wa kuzilinda, na kompyuta kufa hakuuondoi wajibu huo.

Kwa hiyo kabla hujampa fundi laptopu mbovu achukue spea, mwambie akutolee hadidiski kwanza. Hiyo ondoka nayo.