Trilobiti Asiye na Mshono wa Uso

Mwaka 1859 James Hall, mwanajiolojia wa New York, alieleza kisukuku kilichotoka kwenye miamba ya Georgia, Vermont, nchini Marekani, akakiita Olenus thompsoni. Baadaye spishi hiyo ilitengewa jenasi yake, Olenellus. Mnyama huyu wa baharini aliishi mapema katika kipindi cha Kambriani, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Kichwa chake ni nusu duara chenye mwiba kila upande, na macho yake yamepinda mithili ya mwezi mwandamo. Pingili ya tatu ya kiwiliwili ina mbavu kubwa kuliko za jirani zake, na ya 15 imebeba mwiba mrefu uliolala kuelekea nyuma. Asichonacho ni mshono wa uso, yaani mstari ambao kwa trilobiti wengi hufunguka wakati wa kujivua gamba. Olenellus alijivua kwa kufungua ukingo wa chini wa kichwa.

Je, upungufu huo unatosha kumtoa katika ukoo wa trilobiti? Katika miaka ya 1980 mwanazuolojia Mjerumani Karl-Ernst Lauterbach alidai kuwa jamii ya Olenellus iko karibu zaidi na buibui, nge na kaa-kwato, na kwamba ule mwiba wa pingili ya 15 unalingana na mkia wa kaa-kwato. Hoja hiyo haisimami. Mwiba umeota mgongoni, na nyuma yake zinafuata pingili nyingine ndogo hadi kwenye kibamba cha mkia. Kwa hiyo hauwezi kuwa ncha ya mwili. Isitoshe, gamba lake limekazwa kwa kalisaiti kama la trilobiti wengine, sifa ambayo kaa-kwato hawana.

Yuko atakayeuliza: huenda mshono ulikuwepo ukapotea? Inawezekana, kwani baadhi ya trilobiti wa baadaye walio na macho makubwa mshono wao uliungana ukaacha kufunguka. Lakini ndugu wa karibu wa Olenellus, kama Holmia na Fallotaspis, nao hawana mshono, na hiyo inaelekeza kwenye hali ya asili. Hata jibu likigeuka, uainishaji haubadiliki: undugu hupimwa kwa sifa mpya ambazo wanyama wamezirithi pamoja. Kukosa kitu ambacho babu hakuwa nacho hakumtengi mtu na ukoo wake.