DIRISHA LAKO LINATAZAMA WAPI?

Katika kata ya Rutamba watu wanajenga. Ukipita baada ya ufuta na korosho kuuzwa, utaona matofali yamepangwa, mabati yanashushwa, na mafundi wanagombewa. Hili ni jambo jema. Lakini tazama nyumba hizo vizuri. Kuta za nje zimechafuka kabla nyumba haijazeeka, na madirisha yamewekwa ovyo.

Tuanze na madirisha.

Watu wengi huweka madirisha upande wa barabara tu. Wakati wa Operesheni Vijiji, mwaka 1974, nyumba nyingi nchini zilipangwa kwa mstari, zikitazama njia. Desturi hiyo imebaki. Mwenye nyumba anataka wapita njia waone madirisha yake mazuri ya mbele. Nyuma ni ukuta mtupu. Upepo ukiingia hauna pa kutokea. Puliza ndani ya chupa, pumzi itakurudia usoni. Chumba cha dirisha moja ni hivyo hivyo.

Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kusi huvuma toka upande wa kusini, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba. Kaskazi huvuma toka upande wa kaskazini, kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Basi ukuta mmoja mrefu wa nyumba utazame kusini, na mwingine utazame kaskazini. Weka madirisha katika kuta hizo mbili, moja likabili jingine. Kama nyumba ina korido katikati, acha tundu juu ya kila mlango wa chumba ili upepo uvuke.

Na jua je? Dirisha la magharibi hupigwa na jua toka saa tisa mpaka jioni. Chini ya bati chumba hicho huwa tanuri. Usiku watoto hukimbia joto, hulala barazani. Chandarua kimetundikwa ndani, watoto wako nje! Mbu wa malaria huuma usiku. Nadhani hapa ndipo hasara kubwa ilipo, wala si katika sura ya nyumba.

Mkulima mmoja aliniambia dirisha lake ni dogo kama sahani kwa sababu anaogopa wezi. Hofu yake ni ya haki. Lakini nondo chache huzuia mwizi, na wavu wa waya huzuia mbu. Ziba pia uwazi kati ya ukuta na paa kwa wavu, maana mbu wa malaria hupenda kupita hapo. Dirisha lisiwe juu mno, upepo ukapita juu ya kichwa cha aliyelala.

Jirani zetu wa Mtwara wameona jambo hili likijaribiwa. Kabla ya mwaka 2022 watafiti walijenga huko zaidi ya nyumba 100 za majaribio vijijini. Vyumba vya kulala viko ghorofani, na kuta zake zimefunikwa wavu unaopitisha hewa. Wengi wetu hatuwezi kujenga ghorofa, lakini wavu na hewa vinawezekana.

Sasa kuta za nje. Uchafu ule mwekundu wa chini ni tope linalorushwa na maji ya paa. Bati limekatwa karibu na ukuta ili kupunguza gharama. Kila mvua inakula ukuta kidogo, mpaka fito zinaonekana. Toa upenu wa futi mbili au zaidi, nyanyua msingi, na chimba mfereji wa kupeleka maji mbali. Kisha ndipo upake chokaa. Kupaka chokaa bila upenu ni kutupa fedha.

Aliyekwisha jenga asikate tamaa. Ukuta wa kukandika hutobolewa dirisha bila taabu kubwa. Ukuta wa matofali umwite fundi aweke linta kwanza, usije ukaanguka.

Anayeanza asimike mti mrefu kiwanjani, afunge kitambaa chepesi juu yake, akitazame asubuhi, mchana na jioni kwa siku kadhaa. Ukijenga Agosti utaona kusi peke yake. Habari za kaskazi waulize wazee wa hapo hapo, kwa kuwa kilima au msitu huweza kuugeuza upepo.