Uko chuo cha kilimo na moyo umeanza kusita? Jipime kwanza



Ukifika mwaka wa pili chuoni unaanza kuwaza: "Nimalizie kilimo, au nihamie kozi nyingine?" Ajira za serikali hazitoshi wote, na nyumbani wanauliza utaajiriwa lini. Kusita sio kosa. Ila jua kwanza unakimbia nini: kilimo chenyewe, au kusubiri ajira?

Jipime hivi likizo ijayo:

1. Kodi kipande kidogo, hata mita 10 kwa 20, chenye maji karibu. Panda mchicha kwa awamu, tuta kwa tuta. Wiki 3 hadi 4 unaanza kuvuna.

2. Andika kila shilingi: kodi, mbegu, samadi, vibarua, nauli.

3. Uza mwenyewe sokoni.

Hesabu isipolipa mara ya kwanza, hiyo inarekebishika. Angalia moyo: unawahi shamba bila kusukumwa? Baki. Ni kero tupu? Badili bila aibu, ila maliza ngazi uliyopo. Ukimaliza NTA 5 una astashahada mkononi, na cheti hakiozi kama nyanya.

Tukutane shambani!