Meseji ya Mnunuzi Si Hela ya Duka

Malipo ya simu dukani yana hatua tatu: agizo la mnunuzi, uhamisho wa fedha kwenye hesabu za kampuni ya simu, na taarifa zinazotumwa baada ya hapo. Fedha huhama katika hatua ya pili tu. Hatua ya tatu ni habari tupu, lakini ndiyo iliyopewa heshima isiyostahili madukani kuanzia Mombasa hadi Mwanza, hadi swali moja likawa wimbo wa kila siku kwenye kaunta: "Meseji si hii hapa, mbona hunipi mzigo wangu?" Anayeuliza hivyo anaelekeza macho pasipo na jibu. Keshia naye akiisoma meseji hiyo, akanakili namba zake kwenye daftari na kukabidhi mzigo, amekosea zaidi, na kosa lake ndilo linalolipiwa.

Mnunuzi anapoingiza namba ya tili ya duka, kiasi na namba ya siri, agizo huenda kwenye kompyuta za kampuni. Huko salio lake hupunguzwa na la duka huongezwa kwa mkupuo mmoja. Ama yote mawili yafanyike, ama lisifanyike hata moja. Hesabu zikishafungwa ndipo zinatoka meseji mbili, moja kwa kila upande. Meseji hizo hupita njia ileile ya ujumbe mfupi wa kawaida, hupanga foleni mtandao unapolemewa, na hakuna aliyeahidi kwamba zitafika pamoja. Jioni ya mwisho wa mwezi, watu wamepokea mshahara na kila foleni inalipa kwa simu, ya mnunuzi inaweza kutangulia na ya duka ikachelewa, au ikawa kinyume. Hesabu haziongezeki wala kupungua kwa sababu ya meseji iliyowahi au iliyochelewa.

Mazoea ya kuamini meseji yana historia yake. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, kazi yake kubwa ilikuwa kutumiana fedha kati ya ndugu na jamaa. Mtoto aliye mjini alituma, akapiga simu nyumbani kusema "angalia simu," na mama akaangalia simu yake mwenyewe. Hakuna mama aliyeridhika kwa kusomewa meseji ya mtumaji. Mpokeaji alithibitisha upande wake, na utaratibu huo ulikuwa sahihi kabisa. Mwaka 2013 Kenya ilipopata Lipa na M-Pesa, mpokeaji akawa duka, na duka halina mfuko wa kutia simu. Simu inayopokea taarifa za tili ikabaki kwa mwenye duka, na mwenye duka mara nyingi yuko sokoni akinunua bidhaa, yuko tawi jingine, au yuko nyumbani. Keshia akaachwa na kaunta, foleni na mikono mitupu. Ndipo akaanza kuitazama simu ya mnunuzi, kwa kuwa ndiyo simu pekee iliyokuwepo.

Simu ya mnunuzi ni mali ya mnunuzi, na kila kinachoonekana kwenye kioo chake kiko chini ya mamlaka yake. Anaweza kuhifadhi namba ya rafiki kwa jina la MPESA, na chochote atakachoandika rafiki huyo kitaonekana kimetoka kwa kampuni. Anaweza kuonyesha picha ya meseji iliyobadilishwa tarakimu. Anaweza kuwa na programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kughushi tu. Makeshia wenye uzoefu husema wanazijua meseji bandia kwa kuzitazama, na hapo ndipo wanaposhikwa. Wengine hukagua jina la mtumaji. Wengine wamejifunza kwamba katika msimbo wa muamala wa Kenya, wenye herufi na tarakimu 10, alama tatu za mwanzo hubeba mwaka, mwezi na siku, kwa hiyo hulinganisha na kalenda. Wengine hutafuta nukta na senti mwishoni mwa kiasi. Ukaguzi wote huo unapima sura ya meseji. Tapeli aliyenunua mkate asubuhi kwa jirani tayari ana meseji halisi ya siku hiyohiyo, yenye jina sahihi, msimbo sahihi na nukta mahali pake. Kilichobaki kwake ni kubadili tarakimu chache.

Tuseme basi kwamba meseji ni ya kweli kabisa, kila herufi yake imetoka kwa kampuni. Bado haithibitishi kwamba duka limelipwa. Inaweza kuwa ya jana, na keshia mwenye watu tisa mbele yake hasomi tarehe. Inaweza kuwa ya tili nyingine, kwa sababu mnunuzi alikosea tarakimu moja na hakusoma jina lililojitokeza kabla ya kuweka namba ya siri. Inaweza kuwa ya malipo yaliyopotoshwa na stika: mtu huja kimyakimya na kubandika namba yake juu ya namba ya duka, na wateja waaminifu wakamlipa yeye mchana kutwa, kila mmoja akionyesha meseji halisi. Katika maduka madogo yanayopokea kwa laini binafsi ili kukwepa ada ya tili, mnunuzi anaweza kutoka mlangoni, akapeleka meseji yake kwa namba 456 ya kampuni ya simu nchini Kenya akidai alituma kwa makosa, na fedha ambazo bado hazijatolewa zikazuiwa hadi suala lichunguzwe. Tangu Aprili 2022, tili za Kenya zinapokea pia malipo kutoka mitandao mingine, na meseji ya kila mtandao ina umbo lake. Keshia anayejivunia kuijua sura ya meseji moja hana msaada mbele ya nyingine.

Dawa inayopendwa kuliko zote ni daftari. Liko karibu kila kaunta, kalamu imefungwa kwa uzi, kurasa zimepigwa mistari mitatu: msimbo, kiasi, jina. Mnunuzi anasoma, "T kwa Tanga, H, tisa," keshia anaandika, foleni inasubiri, kisha mafuta ya lita 20 yanatoka mlangoni. Wenye maduka huliita daftari hili usalama. Msimbo ulioandikwa bila kulinganishwa na rekodi ya duka ni maneno ya mnunuzi yaliyonakiliwa kwa mwandiko wa keshia. Haukuzuia wizi wakati mzigo uko kaunta, na usiku, mwenye duka anapolinganisha daftari na taarifa ya tili na kukuta mistari miwili isiyo na mwenzake, unamwambia kiasi alichoibiwa. Hata jina lililoandikwa alilitoa mwizi mwenyewe.

Kinachofuata ndicho kibaya zaidi. Katika maduka mengi, kiasi hicho hukatwa kwenye mshahara wa keshia. Kijana aliyenyimwa simu ya duka, akaambiwa atumie macho yake, akafuata utaratibu wa daftari kama alivyoagizwa, ndiye anayelipa lita 20 za mafuta. Hiyo ni dhuluma, na inapaswa kuitwa kwa jina lake. Hakuna mafunzo ya kutambua meseji bandia yanayoweza kumlinda, maana kazi aliyopewa haiwezekani: anatakiwa kujua kilichoingia kwenye akaunti asiyoruhusiwa kuiona.

Wanunuzi waaminifu nao huumizwa na imani hiyohiyo. Mtu amelipa, fedha zimehama, lakini meseji yake imekwama. Keshia anasema hajalipa. Mnunuzi anarudia kulipa kwa haya, watu nyuma wakimtazama, na baada ya robo saa meseji mbili zinaingia pamoja. Aliyepata meseji mapema naye anatakiwa kuinyoosha simu juu ya kaunta, na meseji hiyo, baada ya kiasi na jina la duka, inataja salio lililobaki. Keshia analiona, na anayefuata foleni analiona. Mama mwenye shilingi 140 hadi Ijumaa anaaibika. Mwenye laki mbili anaanza kuangalia nyuma akielekea kituo cha basi. Kampuni za simu zimehangaika kuficha namba za walipaji wasionekane na wauzaji, ilhali kaunta inafunua kilicho siri zaidi kuliko namba. Wateja wengi wanaosema hawapendi kulipa kwa simu hawana ugomvi na simu. Wanachokataa ni kushukiwa wizi kisha kuvuliwa nguo mbele ya watu.

Chuki nyingine kwa malipo yasiyo ya noti zina vyanzo vyake na hazipaswi kuchanganywa na hii. Tozo ya miamala ilipoanza Tanzania Julai 2021, watu wengi walirudi kwenye noti kwa sababu ya gharama, na walikuwa na haki ya kupiga hesabu hiyo. Mtandao kukatika ni tatizo la mitambo. Ugomvi wa meseji umetengenezwa na maduka yenyewe.

Ushahidi kwamba hauhitajiki unaonekana kwenye mashine za kujilipia, zile zilizoanza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1980 na ambazo leo ni jambo la kawaida katika maduka makubwa ya Ulaya. Mnunuzi hupitisha bidhaa mwenyewe na kulipa mwenyewe. Mashine haisomi simu ya mtu wala haimwombi aonyeshe kitu. Hupeleka ombi, husubiri jibu la benki, na jibu likija hutoa risiti. Lisipokuja, mauzo hayafungwi. Duka kubwa la Nairobi lililounganisha kompyuta ya kaunta na mfumo wa malipo hufanya vivyo hivyo: kioo cha keshia hubadilika chenyewe malipo yakiingia. Katika maduka hayo swali la meseji halisikiki, kwa sababu duka linatazama upande wake.

Wenye maduka madogo hujibu kwamba hawawezi kumwachia mfanyakazi simu yenye hela. Hofu hiyo imejengwa juu ya kutojua. Kusoma taarifa ya malipo hakuhitaji namba ya siri. Kutoa fedha kunaihitaji. Simu ya kabambe, ambayo Tanzania huitwa kitochi, ikikaa kaunta na laini ya kupokelea taarifa, inamwonyesha keshia kila malipo yanayoingia, na bila namba ya siri ya mwenye duka hawezi kuhamisha hata shilingi moja. Laini yenyewe inaweza kufungwa kwa namba ya siri ya kadi ili isifanye kazi ikichomolewa na kuwekwa kwenye simu nyingine. Mwenye duka anayeendelea kuificha kwa hofu hiyo analinda fedha zilizokwisha fika, huku bidhaa zikitoka bila kulipiwa.

Hatua zenyewe ni chache na nafuu. Simu ya taarifa ikae kaunta, iwe na mlio unaosikika na chaji ya kutosha, na mzigo utoke ikishalia na keshia akishasoma kiasi. Ikichelewa, afungue taarifa ya tili kwenye programu ya wafanyabiashara ya kampuni ya simu, si simu ya mteja. Duka lenye kompyuta liombe mfumo wa kutuma ombi la malipo: keshia anaingiza kiasi, mnunuzi anaona ombi kwenye simu yake na kuweka namba ya siri tu, na kosa la tarakimu za tili halina pa kuingilia. Tanzania, Lipa Namba na msimbo wa TANQR hufuata kanuni ileile: kinachohesabika ni taarifa iliyofika kwa muuzaji. Stika ikaguliwe kila asubuhi kwa kulipia shilingi chache na kusoma jina linalojitokeza. Noti za chenji ziwepo kwa ajili ya siku mtandao unapolala. Malipo ya duka yasipokelewe kwa laini binafsi.

Mnunuzi asome jina la duka kabla ya kuweka namba ya siri, na akiona jina geni asitishe hapohapo. Asipopata meseji, aangalie salio kabla ya kulipa tena. Likiwa limepungua, amtake keshia aangalie taarifa ya tili. Ana haki ya kutaja saa na kiasi bila kuitoa simu mkononi. Aliyelipa tili isiyo ya duka hilo aripoti kwa kampuni wakati huohuo, kabla fedha hazijatolewa. Na asiondoke bila risiti, kwa kuwa meseji ya kampuni ya simu si risiti ya mauzo: Tanzania risiti hiyo ni ya mashine ya EFD, Kenya ni ankara ya eTIMS, na kwenye mojawapo ya hizo ndipo zinapoonekana bidhaa zilizonunuliwa na kodi iliyotozwa.