Mkono Unaotetemeka Ukiwa Umepumzika

Mjomba wangu aliacha kwenda kunywa kahawa barazani kwa sababu ya maneno ya watu. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka juu ya goti, na alipotembea aliburuta mguu. Wako waliosema ni pombe, wako waliosema amerogwa. Sisi jamaa zake tukasema ni uzee tu. Sote tulikosea.

Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu hakuanza na mashine. Alimtazama mjomba akiketi, akiinuka, akitembea na kugeuka. Kisha akampa kikombe akishike. Mkono ukapunguza kutetemeka. "Hiyo ndiyo dalili," akatuambia.

Mwalimu mkubwa wa elimu hii ya kutazama alikuwa Profesa Jean-Martin Charcot, wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, katika karne ya 19. Kabla yake, mwaka 1817, daktari Mwingereza James Parkinson alieleza habari za wagonjwa sita, akauita ugonjwa wao kupooza kwa kutetemeka. Charcot alilikataa jina hilo. Wagonjwa hawakuwa wamepooza, na wengine hawakutetemeka kabisa. Akataka uitwe ugonjwa wa Parkinson. Aliwafundisha wanafunzi wake kuuliza: mkono unatetemeka ukiwa umepumzika, au ukiwa kazini? Jibu la swali hilo husaidia kutenganisha maradhi yanayofanana kwa macho.

Leo tunajua kwamba katika ugonjwa huu hufa chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa viungo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Dakta George Cotzias, huko Marekani, alionyesha kwamba dawa ya levodopa, ikiongezwa polepole, huwarudishia wagonjwa wengi wepesi wa mwili. Haiponyi, lakini inasaidia sana. Levodopa imo hata katika mbegu za upupu, huu huu unaotuwasha shambani. Lakini msikimbilie porini, kwani mbegu haina kipimo, na dawa bila kipimo ni hatari.

Basi, ukimwona mzee anatetemeka, usimcheke wala usimtafute mchawi. Mtazame vizuri, kisha mpeleke hospitali ukaeleze ulichokiona.

Mjomba amerudi barazani. Kikombe chake hujazwa nusu, lakini hukishika mwenyewe.