Mhandisi Msafiri na Usahihi wa Vifaa vya Maabara: Mfano wa Gisenyi

Utangulizi

Mipango ya kuimarisha maabara za Afrika Mashariki huhesabu vifaa vilivyonunuliwa. Ni nadra kuhesabu safari za mhandisi atakayevitunza. Makala haya yanaeleza kwa nini safari hizo haziepukiki, kwa kutumia mfano wa mji wa Gisenyi, Wilaya ya Rubavu, nchini Rwanda. Hoja ya msingi ni kwamba usahihi wa kipimo haufiki pamoja na sanduku la kifaa. Huthibitishwa mahali kinapotumika.

Mahali na kipimo

Uso wa Ziwa Kivu uko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Mwinuko huo, pamoja na ukaribu wa Ikweta, hupunguza nguvu ya uvutano wa dunia. Mizani ya kielektroniki hupima nguvu hiyo, kisha huigeuza kuwa gramu. Kwa hiyo, mizani iliyofanyiwa ugezi Zurich, ikiletwa Gisenyi bila kurekebishwa, itasoma jiwe la gramu 100 kuwa takriban gramu 99.7. Hata ikitoka Mombasa, itapunja karibu gramu 0.05. Kwa mizani inayosoma sehemu ya kumi ya miligramu, hilo ni kosa kubwa.

Hatari zaidi iko kwenye otoklevu zinazoendeshwa kwa kutazama geji. Mvuke hufikia nyuzi 121 za Selsiasi kanieneo yake halisi inapokuwa takriban kilopaskali 205. Geji ya kawaida huonyesha tu ziada juu ya kanieneo ya hewa ya nje. Pwani, ziada inayotakiwa ni takriban kilopaskali 103. Gisenyi, ambako kanieneo ya hewa ni kama 85, hutakiwa 120. Anayefuata maelekezo ya pwani atapata nyuzi 118 hivi, na mbegu sugu za bakteria zitahitaji karibu mara mbili ya muda ili zife. Geji itaonyesha alama iliyoagizwa, ilhali taka hazijawa salama.

Mpaka na volkano

Mnamo 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na matetemeko yaliyofuata yaliitikisa Rubavu. Baada ya mtikisiko, meza ya mizani husawazishwa upya, na kabati la usalama wa kibiolojia hupimwa tena mtiririko wake wa hewa. Aidha, Julai 2019 Ebola iliingia Goma, mji unaopakana na Gisenyi. Katika hali kama hiyo, kifaa kinachosubiri kipuri ni sawa na kifaa kisichokuwapo.

Mapendekezo

Kwanza, mkataba wa ununuzi utamke gharama za safari, ugezi na vipuri kwa maisha yote ya kifaa. Pili, kifaa kisipokelewe kabla ya kupimwa mahali pake. Tatu, mhandisi aache taarifa ambayo mtumiaji ataielewa. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017 na huzungumzwa pande zote mbili za mpaka. Taarifa ya matengenezo iliyoandikwa kwa lugha hiyo inaweza kuhudumia Gisenyi na Goma pia. Mhandisi huondoka, maabara hubaki na kile alichokieleza.