Jukwaa Halimkatai Mtu wa Makamo

Katika mji wa Morogoro, uliokaa chini ya milima ya Uluguru na kunyweshwa na mito iteremkayo kutoka misitu yake, imekita dhana ya kuwa sanaa ni mali ya ujana, na kwamba mtu wa makamo, aliyekwisha kulea watoto na kushika kazi kwa miaka mingi, akitamka kuwa ataka kurudi shule asomee uigizaji au muziki, amepungukiwa na staha, kama si akili. Nanena leo kuipinga dhana hiyo, maana imewanyima watu wengi haki yao, na imeinyima nchi hazina ya maarifa.

Chimbuko lake si siri. Sifa ya Morogoro katika muziki ililetwa na vijana. Salum Abdallah, aliyeasisi Cuban Marimba mwaka 1948, alikuwa na umri wa miaka ipatayo 20 tu, naye akafariki mwaka 1965; Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944 na kuingia Morogoro Jazz angali kijana, alikufa kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari 1979. Hakuna kati yao aliyefika umri wa miaka 40, na kwa sababu hiyo kumbukumbu yetu ya msanii imebaki ni ya kijana daima.

Lakini mwaka ule ule wa 1944 alizaliwa pia, katika wilaya ya Morogoro, Amandina Lihamba. Alipokuwa amekwisha kufahamika kwa tamthilia yake *Hawala ya Fedha*, iliyotungwa kutokana na kazi ya Ousmane Sembène wa Senegal na kuchapishwa mwaka 1980, hakuona haya kukaa tena kwenye dawati la mwanafunzi. Na mwaka 1985, akiwa na miaka ipatayo 41, alihitimu shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kwa utafiti juu ya siasa na maigizo nchini Tanzania baada ya Azimio la Arusha. Ni kweli kwamba sanaa hakuianza katika makamo. Walakini masomo hayo hayakumwondoa jukwaani. Mwaka 1996, pamoja na Penina Muhando, mwandishi wa tamthilia aliyezaliwa Berega, Kilosa, alianzisha mradi wa Tuseme, ambao kwao wasichana wa sekondari hutumia maigizo kuyatamka matatizo yao. Na katika *Maangamizi*, filamu ya kwanza kutumwa na Tanzania kushindania tuzo za Oscar, mwaka 2001, mwigizaji mmoja mkuu ni yeye, akiwa mtu wa makamo.

Wala jambo hili si geni kwa Waluguru wenyewe. Mwali alipowekwa ndani, waliomfunza kwa nyimbo, ngoma na mafumbo walikuwa kina mama watu wazima, kwa kuwa aghalabu mafunzo ya maisha huaminiwa kinywani mwa aliyeyaishi. Mwigizaji naye hutakiwa aonyeshe msiba, subira, hasira na msamaha. Na aliyezika mzazi, akauza ndizi sokoni ili mwanawe alipiwe ada, huja darasani na mtaji ambao mwalimu hawezi kuugawa. Lililobaki kwa chuo ni kumpa ufundi: namna ya kutumia pumzi na sauti, kusoma noti, kuhifadhi maneno na kuutawala mwili mbele ya hadhira.

Taifa letu, kadhalika, liliwahi kuukiri ukweli huu. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaagiza kwamba kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, yaani uzoefu ukafanywa sharti la elimu.

Njia ziko. Asiyepata sekondari aweza kufanya Mtihani wa Maarifa, kisha mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo ni TaSUBa, hufundisha ngoma, muziki na maigizo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina masomo hayo. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria mwaka 2024, safari ya Morogoro na Dar es Salaam huchukua chini ya saa mbili, hata mwenye mji wake aweza kwenda na kurudi siku moja.

Taabu hazikosi. Magoti ya miaka 45 hayachezi kama ya miaka 18, ada hushindana na chakula cha nyumbani, na kukosolewa na mwalimu mwenye umri wa mwanao ni mtihani wa moyo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini sanaa ina milango mingi, na asiyeweza sarakasi aweza kuigiza, kuimba, kutunga, kuongoza na kufundisha.

Kwa hiyo nawasihi wenye vyuo waupime uzoefu wa mwombaji sambamba na vyeti vyake, na waweke vipindi vya jioni na vya mwisho wa juma. Nawasihi waume, wake na watoto wasimcheke mzazi anayeaga akiwa na daftari mkononi. Nawe msomaji, uliyeificha dhamira hii kwa miaka mingi ukihofia maneno ya jirani, kaombe fomu muhula huu.